Shule ya Kimataifa ya Geneva: cheti kinachobebeka, kampasi tatu zisizofanana

Ecolint, kama wakazi wa Geneva wanavyoifupisha École Internationale de Genève, huuza kitu kimoja hasa: masomo ambayo mtoto anaweza kuhama nayo. Mengine yote, jina la miaka mia moja, kituo cha sanaa kilichofunguliwa 2014, viwanja na maabara, ni nyongeza. Zipo nyongeza nzuri sana, lakini mzazi anayelipa zaidi ya faranga 30,000 za Uswisi kwa mwaka kwa mtoto mmoja wa madarasa ya juu anapaswa kujua kwanza analipia nini, na hilo halionekani kwenye kijitabu cha picha. Linaonekana kwenye historia ya shule. Kwa hiyo tunaanzia huko, kisha tunashuka kwenye hesabu.

Shule hii haikuanzishwa na mwekezaji. Ilianzishwa 1924 na wazazi waliokwama. Ushirika wa Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa, na Shirika la Kazi Duniani vilikuwa vimeleta Geneva maafisa kutoka kila upande, na maafisa hao walikuja na watoto waliosoma kwa lugha na mitaala tofauti. Miongoni mwa waliolivalia njuga suala hilo walikuwa Arthur Sweetser, Mmarekani wa idara ya habari ya Ushirika, na Ludwik Rajchman, daktari kutoka Poland aliyeongoza kazi za afya. Walishirikiana na waelimishaji wa Taasisi ya Jean-Jacques Rousseau, akiwamo Adolphe Ferrière, na nyumba ya familia ya Ferrière ndiyo iliyokuwa darasa la kwanza. Wanafunzi walikuwa 8. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Paul Meyhoffer. Miaka miwili baadaye alipita hapo binti wa Nehru akiwa bado mtoto, yule ambaye dunia ilikuja kumjua kama Indira Gandhi.

Mara nyingi utasikia kwamba hii ndiyo shule ya kimataifa kongwe kuliko zote. Madai hayo yachukue kwa kipimo. Shule ya Kimataifa ya Yokohama nayo ilianza 1924, na karibu miaka 60 kabla yao kulikuwa na chuo cha kimataifa cha Spring Grove, magharibi mwa London, kilichofunguliwa 1866 na kufungwa 1889. Ukongwe peke yake haumfundishi mtoto hesabu. Swali lenye maana ni kwa nini Spring Grove ilikufa na Ecolint ikakua, na jibu letu ni mambo mawili: Ecolint ilipata wateja wasiokwisha, kwa sababu mashirika ya kimataifa yalizidi kujazana Geneva, na baadaye ikashiriki kutengeneza mtihani wake.

Mwaka 1929 shule ilihamia La Grande Boissière, eneo lenye miti mingi kando ya barabara ya Chêne, na hadi leo hapo ndipo penye roho yake. Mwaka huohuo Marie-Thérèse Maurette alishika uongozi na kukaa hadi 1949. Huyu ndiye aliyeipa shule mbinu, si anwani tu. Jiografia ilianza na tufe, si ramani ya nchi ya mtoto: kwanza bahari na mabara, kisha nchi. Nyuma ya utaratibu huo alikuwapo baba yake, Paul Dupuy, aliyefundisha jiografia hapo. Historia nayo ilifundishwa kama ya dunia nzima, kwa hoja kwamba mtoto akianza na vita na mashujaa wa kwao, dunia iliyobaki huwa nyongeza. Mwaka 1948 Maurette aliandikia UNESCO maelezo ya mbinu hizo. Mzazi anayetembelea shule leo anaweza kutumia kipimo kilekile: omba kuona mpango wa historia wa mwaka mmoja, uhesabu ni majuma mangapi yanahusu Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mpango wa masomo husema zaidi kuliko idadi ya mataifa yanayotajwa kwenye tovuti.

Tatizo kubwa lilikuwa juu, kwenye madarasa ya mwisho. Chukua darasa lenye wanafunzi 16. Watano wanataka kurudi kwenye vyuo vya Uingereza, wanne Ufaransa, watatu wanabaki Uswisi, wanne wanakwenda Marekani. Kila kundi lina mtihani wake na silabasi yake. Kama hisabati huchukua vipindi 5 kwa juma, mwalimu sasa anahitaji vipindi 20 kwa watoto walewale 16, au awafundishe pamoja na kila kundi likose sehemu ya kile litakachoulizwa. Zidisha hali hiyo kwa fizikia, historia na lugha, utaona kwa nini gharama ilipanda na kwa nini shule iliyojengwa ili kuwaunganisha watoto iliwatenganisha tena kwa pasipoti zao wakiwa na miaka 16.

Diploma ya IB (International Baccalaureate), cheti kimoja cha kumalizia sekondari kwa watoto wa mataifa yote, ilizaliwa hapo, kwenye ratiba. Mwaka 1951 Shirikisho la Shule za Kimataifa liliundwa Geneva. Mwaka 1962 Robert Leach, mwalimu wa historia wa Ecolint, aliandaa mkutano wa walimu wa masomo ya jamii, na wazo la mtihani mmoja likatoka kwenye maongezi likaingia kwenye karatasi. Somo lililotangulizwa kujaribiwa lilikuwa historia ya dunia ya karne ya 20, jambo lenye mantiki, kwa kuwa hakuna somo ambalo mataifa hubishania zaidi. Fedha zilitoka kwenye mifuko ya Marekani. Ofisi ya IB iliandikishwa Geneva 1968, chini ya Alec Peterson wa Oxford, na mwongozo rasmi wa kwanza ukatoka 1970. Umbo la masomo sita, matatu kwa kina na matatu kwa upana, ni mapatano: Waingereza walizoea masomo machache kwa kina kirefu, Wafaransa na Waswisi walizoea mengi, na Peterson alitafuta katikati. Leo IB inafundishwa kwenye shule zaidi ya 5,000 katika nchi zaidi ya 150. Shule chache sana duniani zinaweza kusema kwamba zilikuwa jikoni chakula hiki kilipopikwa.

Sasa tukifungue cheti chenyewe, maana humo ndimo makosa ya wazazi yanamotokea.

Mwanafunzi huchukua masomo 6 kwa miaka miwili ya mwisho ya shule, Year 12 na Year 13. Matatu huwa ya ngazi ya juu, yenye saa 240 za kufundishwa kila moja, na matatu ya ngazi ya kawaida, saa 150. Kila somo lina alama 1 hadi 7, hivyo jumla ni 42. Alama 3 za nyongeza hutoka kwenye Nadharia ya Maarifa na insha ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000, kwa hiyo kilele ni 45. Pamoja na hayo kuna CAS, yaani ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, inayoendelea kwa miezi 18. CAS haina alama, lakini asiyeikamilisha hapati diploma hata akiwa na 40.

Wengi hukariri kwamba kufaulu ni alama 24, na hapo ndipo wanapoteleza. Tuseme mwanafunzi amepata 4, 4 na 3 kwenye ngazi ya juu, na 6, 5 na 5 kwenye ngazi ya kawaida. Jumla ni 27, na nyongeza ya 1 inamfikisha 28. Amefeli. Sheria inataka angalau 12 kwenye masomo matatu ya ngazi ya juu, naye ana 11. Angeshika 24 tu zilizopangwa vizuri angepata cheti. Vilevile hatakiwi kuwa na 1 popote, wala 2 zaidi ya mbili, wala kupata E, daraja la chini kabisa, kwenye insha ndefu au Nadharia ya Maarifa. Kwa hiyo shule inapomruhusu mtoto kuchukua ngazi ya juu ya hisabati kwa sababu tu rafiki zake wamechukua, inamweka kwenye hatari ambayo jumla yake nzuri haitamwokoa. Uliza mapema: mtoto anaweza kushushwa ngazi hadi lini, na je, kuna nafasi kwenye kipindi cha ngazi ya kawaida atakapohamia?

Wanaokusudia kubaki Uswisi wana sheria nyingine juu ya hiyo. Ili diploma ya IB itambuliwe kwa udahili wa kawaida kwenye vyuo vikuu vya Uswisi, kipimo kinachotumika ni alama 32 kati ya 42, bila kuhesabu zile 3 za nyongeza, na mchanganyiko wa masomo nao huangaliwa: lugha mbili, hisabati, sayansi asilia kama fizikia, kemia au biolojia, na somo la jamii. Mtoto aliyekusanya 34 kwa mchanganyiko usiofaa anaweza kukubaliwa kwingine na kukataliwa kilomita mbili kutoka shuleni kwake. Fungua orodha ya chuo kabla ya kuchagua masomo, yaani mwishoni mwa Year 11, wala usingoje matokeo ya Julai.

Faida ya Ecolint inayostahili kusifiwa bila kusita ni Kifaransa na Kiingereza kukaa chini ya paa moja. IB hutoa diploma ya lugha mbili kwa njia kuu mbili: mwanafunzi achukue lugha mbili kama lugha za fasihi na apate angalau 3 kwenye kila moja, au asome somo la jamii au la sayansi kwa lugha tofauti na lugha yake ya kwanza ya IB, nako apate 3 au zaidi kote kuwili. Mtoto mwenye Kiingereza kama lugha ya kwanza akisoma historia kwa Kifaransa anaipata. Shule nyingi zenye neno "kimataifa" kwenye kibao hufundisha lugha ya wenyeji kama somo la vipindi vinne tu, na mtoto huondoka baada ya miaka mitano akijua kuagiza mkate. Hapa nafasi ipo, ila haimfuati mtoto kitandani: asipoanza kuzoea Kifaransa cha darasani kabla ya Year 10, mlango huo unakuwa mwembamba.

Na Kiswahili? Kipo, kwa mlango wa pembeni. IB ina utaratibu wa mwanafunzi kujisomea fasihi ya lugha yake akisimamiwa na shule, kwa ngazi ya kawaida pekee. Kwa familia za Afrika Mashariki huu ndio mpango unaosahaulika zaidi, na ukisahaulika mwaka mmoja hauokoleki. Mwanafunzi husoma kazi 9 za fasihi, huandika na kufanya mtihani wa mdomo, lakini shule kwa kawaida haina mwalimu wa Kiswahili. Anahitajika mkufunzi wa pembeni, angalau kwa njia ya mtandao, na vitabu vyenyewe vinunuliwe nyumbani wakati wa likizo kwa sababu maduka ya Geneva hayana. Pia Kiswahili anachozungumza mtoto na mama yake jikoni si kile cha kuchambulia ushairi. Mpe mwaka mzima wa maandalizi kabla ya Year 12. Mtoto aliyekulia ughaibuni akaanza riwaya ya kwanza ya Kiswahili mwezi Septemba wa Year 12 huishia kuichukia lugha yake.

Turudi kwenye kukua kwa shule. Kutoka watoto 8 imefikia wanafunzi zaidi ya 4,000, na haikukua kwa kupanua jengo moja. Mwaka 1974 ilijiunganisha na La Châtaigneraie, iliyoko Founex, jimbo jirani la Vaud. Mwaka 2005 ikafungua Campus des Nations karibu na ofisi za Umoja wa Mataifa. Kisheria ni wakfu mmoja usiogawana faida. Katika maisha ya kila siku ni shule tatu, na anayesema "mwanangu yuko Ecolint" hajakwambia kitu bado.

La Grande Boissière iko ukingo wa kushoto wa ziwa, ndani ya mji, na tramu namba 12 hupita kando yake. Ina historia yote iliyosimuliwa juu, na ina wingi wa watu. Mtoto mwepesi wa kuchangamana hustawi, mtoto mkimya anaweza kupotea mwezi wa kwanza bila mtu kugundua. La Châtaigneraie ni ya mashambani, yenye hewa na nafasi. Kwa treni utashuka Coppet, mwisho wa njia za Léman Express upande huo, na bado hujafika darasani. Nations ni ya familia zinazofanya kazi Umoja wa Mataifa, Shirika la Afya Duniani na majirani zao upande wa kulia.

Jambo moja la ramani ambalo halimo kwenye fomu: maji. Ziwa na mto Rhône vimeukata mji vipande viwili, na daraja la Mont-Blanc asubuhi husimama. Mzazi anayeishi upande wa kushoto, anafanya kazi upande wa kulia na amepata nafasi Founex, atavuka na kuzunguka kila siku kwa miaka. Chagua kampasi kwanza, nyumba baadaye. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mwajiri huwapa makazi ya muda ya majuma machache nao huingiwa na hofu ya kukosa nyumba, maana nyumba za kupanga Geneva ni za kugombea.

Mitaala ya chini nayo haifanani. Nations ilijengwa juu ya mfuatano wa IB kuanzia msingi hadi juu. Boissière na Châtaigneraie kwa miaka mingi zimetumia IGCSE, mtihani wa sekondari wa mfumo wa Kiingereza, kabla ya diploma. Shule imekuwa pia ikitengeneza mtaala wake wa madarasa ya kati kwa kushirikiana na Ofisi ya Kimataifa ya Elimu ya UNESCO, jambo linalokumbusha enzi za Maurette na Leach. Kwa mtoto atakayekaa hapo hadi mwisho, tofauti hizi zinamezwa na diploma. Kwa mtoto atakayehama akiwa na miaka 14 zina uzito. IGCSE ni silabasi ya miaka miwili yenye mtihani mwishoni, na ukiondoka katikati unaondoka na nusu. Programu ya kati ya IB haina utegemezi mkali hivyo kwa mtihani wa mwisho, ila shule nyingine zikiiona ripoti yake huuliza, "Hisabati amefika wapi hasa?" Omba barua ya mwalimu yenye orodha ya mada zilizofundishwa, sura kwa sura. Karatasi hiyo moja huokoa mihula miwili.

Pia msichanganye hesabu ya madarasa. Shule za serikali za Uswisi huanza kuhesabu mtoto akiwa na miaka 4, na elimu ya lazima ni miaka 11. Year 5 ya Ecolint si darasa la tano la jirani yako wa Geneva wala la Dodoma. Linganisheni umri na mada, achaneni na namba.

Fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lina safu nyingi: ada ya maombi, ada ya kuandikishwa, ada ya masomo, chakula cha mchana, basi, safari za darasa, mitihani. Kosa kubwa la maafisa wapya wa Umoja wa Mataifa liko kwenye posho ya elimu. Wamesikia "asilimia 86" na wanaizidisha kwa ada nzima. Mfumo ulioanza 2018 hukata gharama mafungu: fungu la chini hurudishwa kwa asilimia 86, yanayofuata kwa 81, 76, 71, 66 na 61, na kinachozidi fungu la mwisho ni chako mwenyewe. Mafungu hayo yamewekwa kwa dola wakati shule hutoza faranga, hivyo faranga ikipanda unasukumwa juu bila ada kubadilika. Gharama zinazokubalika ni za masomo na za kuandikishwa. Basi na chakula hazimo. Masomo ya lugha ya mama yanaweza kukubaliwa kwa masharti, jambo linalomgusa yule mkufunzi wa Kiswahili tuliyemtaja, basi soma kanuni kabla ya kumlipa kutoka mfukoni. Anayefanya kazi nchini kwake, yaani raia wa Uswisi aliyeko Geneva, hana posho hiyo, na mshauri wa mkataba mfupi hana pia. Wapo waliomwingiza mtoto kwa matumaini kwamba mkataba utageuka kuwa wa kudumu. Mkataba haukugeuka, na ada ikabaki palepale.

Kwa familia ambayo haitahama tena, shule ya serikali ya Geneva ni mpinzani wa kweli. Ni bure, ni ya Kifaransa, na ina madarasa maalumu ya kuwapokea watoto wasiojua lugha kabla ya kuwaingiza kwenye madarasa ya kawaida. Mtoto wa miaka 6 kwa kawaida huzoea haraka, na marafiki zake wataishi mtaa huohuo badala ya kuondoka kila Juni. Hilo la kuondoka ni gharama halisi ya Ecolint na shule zote za aina yake: darasa hubadilika kila mwaka, na baadhi ya watoto huacha kabisa kutafuta marafiki wa karibu kufikia Year 8. Mtoto wa miaka 15 ni habari nyingine. Kujifunza Kifaransa cha kutosha kwa kemia na falsafa ndani ya miaka mitatu, huku akishindana kuingia mkondo wa chuo kikuu, ni mlima. Huyo Ecolint inamfaa, na kwake ada ina sababu.

Saa ya kuingia ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Hadi Year 9 mtoto anaweza kuingia Januari bila madhara makubwa. Year 10 na 11 penye IGCSE, kuingia katikati kunamaanisha kufidia mada zilizopita. Year 12 ni Agosti au Septemba, basi. Anayefika Februari wa Year 12 amekosa saa za ngazi ya juu, na kazi za ndani, yaani zile zinazofanywa na kusahihishwa shuleni, zinazobeba asilimia 20 au zaidi kwenye masomo mengi, zimeshaanza bila yeye. Mwajiri akikupangia kuhama mwezi huo, afadhali umwache mtoto amalize alipo au arudie Year 12 kuanzia mwanzo. Kurudia mwaka humwongezea mtoto mwaka mmoja. Kuingia katikati kunaweza kumgharimu diploma yenyewe.

Na kubebeka kwa cheti kuna mipaka yake, hata kati ya shule mbili za IB. Familia inayotoka Geneva kwenda Tanzania itaikuta diploma hiyohiyo UWC East Africa, shule ya mtandao wa United World Colleges, iliyoanza 1969 kama Shule ya Kimataifa ya Moshi na sasa ina kampasi za Moshi na Arusha. Jina la cheti ni lile lile. Lakini ndani ya somo la historia kila shule huchagua mada zake, ndani ya fasihi huchagua kazi zake, na si kila somo la ngazi ya juu hupatikana kila mahali. Kabla ya kuhama kati ya Year 12 na 13, mratibu wa IB wa shule ya kwanza amtumie mwenzake vitu vinne: masomo na ngazi zake, mada za historia na orodha ya kazi za fasihi zilizokwisha kusomwa, hali ya kila kazi ya ndani, na kumbukumbu za CAS. Mratibu wa pili ajibu kwa maandishi kwamba masomo yote sita yanaendelea. Tiketi inunuliwe baada ya jibu hilo.